Nimefuata mitandio ya hariri Yerevan

Alhamisi

Nimetua Yerevan usiku, kutoka Sharjah ni masaa matatu na kidogo tu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi Imarati wengi tunaijua Armenia kwa mambo mawili, theluji na viza isiyosumbua ukiwa na ukaazi wa huku, watu wanakwenda wanapiga picha na makoti ya kuazima wanarudi. Mimi nimekuja kikazi. Nauza mitandio na mabaibui, wateja wangu wako Muscat, Zanzibar, Dar na kidogo Mombasa, na siku zote hariri nilikuwa nachukua ya Kituruki na ya Kichina, nzuri sina neno nayo, tatizo kila duka inayo. Sasa kuna mteja mmoja alikuja kuchukua baibui lake kajifunga mtandio wa bluu iliyoiva, ukingoni kuna ndege wamepindana shingo mpaka wakawa herufi, na rangi iko vile vile ndani na nje. Nikamwambia shoga hebu vua nione. Akaniambia mumewe kamletea Armenia, umechorwa kwa mkono, dizaini imetoka kwenye vitabu vyao vya zamani.

Kwa hiyo safari hii ina shabaha moja, nijue hiyo mitandio inachorwaje, dizaini zinatoka wapi, na zipi zitakaa vizuri kichwani kwa mtu anayefunga kila siku. Hilo la mwisho ndo kubwa, maana mtandio ukitandazwa mezani ni kitu kimoja na ukishakunjwa ukafungwa ni kitu kingine kabisa.

Hoteli iko karibu na Uwanja wa Jamhuri, majengo yote kuzunguka ni ya mawe ya volkano, mengi ya pinki. Mwezi wa kumi ndo unaanza na usiku kuna baridi ya kutosha, nimelala na soksi.

Ijumaa

Asubuhi Matenadaran. Hii ni hazina ya maandiko ya zamani, iko juu kabisa mwisho wa barabara ya Mashtots, jengo kubwa la mawe ya kijivu, mbele kuna sanamu ya Mesrop Mashtots mwenyewe, yule aliyetunga alfabeti ya Kiarmenia mwaka 405. Herufi zilikuwa 36, nyengine zikaongezwa karne za baadaye. Jumapili na Jumatatu wanafunga kwa hiyo mkija mpange siku vizuri.

Ndani kuna maandiko kama 17,000, mengi ni ya Kiarmenia, yanayowekwa wazi ni machache tu, na wanayo pia ya Kiarabu na Kifarsi. Kila mtu anakimbilia kitabu kimoja, Hotuba za Mush, kiliandikwa kati ya 1200 na 1202 na kina uzito wa kama kilo 28. Mwaka 1915, wakati wa mauaji ya Waarmenia chini ya dola ya Uthmaniyya, wanawake wawili walikiokota kwenye monasteri iliyochomwa, hakibebeki, wakakigawa vipande viwili. Mmoja alifika na nusu yake Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa lao, kwa miguu, mwengine aliifukia njiani kabla hajafa, baadaye nayo ikapatikana. Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria watu waliokuwa wanakimbia roho zao wakaamua kubeba kitabu badala ya mtoto wa mbuzi au gunia la unga. Pembeni yake wameweka kitabu kidogo kuliko vyote, kalenda ya karne ya 15, gramu 19, yaani mtandio wangu mwepesi unakizidi.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye kurasa za mwanzo za Injili zao. Kabla ya maandishi yenyewe wanaweka kurasa za majedwali, zinaitwa khoran, zimechorwa matao juu ya nguzo, na juu ya tao kuna tausi, majogoo, kwale, miti ya komamanga, na kila nafasi imejazwa nakshi za majani zilizosukana. Mchoraji mkubwa wa kazi hizi ni Toros Roslin, alifanya kazi Hromkla kwenye ufalme wa Kilikia karne ya 13, huko sasa ni Uturuki. Na karne moja kabla yake Nerses Shnorhali, aliyekuwa mkuu wa kanisa lao, alishaandika maelezo ya khoran hizi, nini maana ya rangi na ndege na miti, kwa hiyo hawa watu hawakuwa wanachora tu ili papendeze.

Na hapo ndo nikaona kitu. Ukurasa wa namna hii umepangwa kama kanga, una pindo na una mji, na fundi katia akili yake yote kwenye pindo. Katikati ni safu za namba tu. Sasa mtandio ukiufunga kichwani mji unapotea wote kwenye mikunjo, kinachobaki kuonekana ni pindo na zile pembe mbili zinazoning'inia begani. Nikasema basi, kumbe ule mtandio wa bluu ulinivutia kwa sababu hiyo.

Zile herufi za ndege nazo zipo, wanaziita trchnagir, herufi ya kwanza ya sura inajengwa kwa ndege wawili watatu, mmoja anamdonoa mwenziwe shingo, mwengine mkia wake ndo mguu wa herufi. Kuna nyengine zina samaki na vichwa vya watu. Hazifanani, kila mwandishi alikuwa na ndege wake.

Kuna kabati pia la rangi zenyewe, mawe ya bluu ya lazuli, madini ya kijani, na vidudu vyekundu vilivyokaushwa, vordan karmir, hivyo ntavieleza Jumanne.

Mchana nikashuka na barabara hiyo hiyo ya Mashtots mpaka Msikiti wa Bluu, wa karne ya 18, enzi hizo Yerevan ilikuwa chini ya makhani wa Kiajemi. Wakati wa Usovieti ulifanywa makumbusho, Wairani wakaja kuukarabati miaka ya 1990. Nikaswali, nikakaa uani kidogo. Vigae vyake vina maua yale yale ya kusukana niliyoyaacha Matenadaran, tofauti ni rangi tu. Ukikaa hapo unaelewa kwamba nakshi hazina pasipoti.

Jumamosi

Vernissage. Ni soko la wazi karibu na Uwanja wa Jamhuri, siku zote wapo wapo lakini Jumamosi na Jumapili ndo linajaa, mazulia, mbao, fedha, vyombo vya udongo, chesi, medali za Kisovieti, na safu nzima ya skafu zinapepea kwenye kamba. Dirham 100 inakupa dram elfu kumi na kidogo, kwa hiyo kichwani nilikuwa nagawa kwa mia tu.

Nisikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo watu wanapigwa. Skafu zilizoandikwa "hariri ya Armenia" ziko za namna tatu. Ya kwanza ni poliesta imepigwa printi ya komamanga, dram 3,000 au 4,000, inang'aa sana, ukiisugua karibu na sikio inapiga kelele za nailoni. Ya pili ni hariri kweli lakini dizaini imechapwa na mashine, mtu kapiga picha ya ukurasa wa kitabu akaituma kwenye printa, si mbaya, bei ya katikati, ila asikuuzie kwa bei ya mkono. Ya tatu ndo imechorwa, dram 20,000 mpaka 35,000 kwa ile ya mraba ya sentimita 90, na ndefu inapanda zaidi.

Kuzijua si kazi. Geuza. Ya printi upande wa nyuma umepauka, ya kuchorwa rangi imezama mpaka ng'ambo. Halafu tafuta mstari mwembamba unaozunguka kila ua na kila ndege, mweupe au wa dhahabu au mweusi, ukiugusa kwa ncha ya kidole baadhi yake unausikia. Huo ndo mpaka wa kuzuia rangi isitembee, bila huo mstari hakuna kuchora kwenye hariri, labda mtu kaamua kuachia rangi zichanganyike makusudi. Angalia upindo, wa mkono umeviringishwa ni wa duara na mishono iko mbali mbali haiko sawa sana, wa mashine umelala bapa. Na ukiruhusiwa chomoa uzi uchome, hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika, poliesta inayeyuka inaacha kitone kigumu. Kuna muuzaji alinipa kiberiti mwenyewe, huyo nikakaa kwake nikanunua.

Mie huwa natembea na kimizani kidogo kile cha sonara. Hariri inapimwa kwa momme, momme moja ni kama gramu 4.3 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mtandio wa 90 kwa 90 wa momme 14 lazima uje karibu gramu 49. Bwana mmoja aliniapia wake ni momme 14, nikauweka, gramu 31. Hiyo ni momme 8 na ushee. Hakusema kitu, aliucheka mzani. Na wala momme 8 si kosa, kwa joto letu la Dar au Muscat mie naona nyepesi ni bora, ila basi nilipie nyepesi.

Dizaini sasa. Nyingi sana ni mlima Ararat, kanisa, komamanga na alfabeti nzima, vyote kwenye mtandio mmoja. Nadhani ni kwa ajili ya watalii wanaotaka waondoke na nchi nzima kwenye mfuko. Nilikuwa nikiipenda moja naikunja pale pale kwa pembe tatu naijaribu kichwani, wauzaji wakinitazama, na kila mara ile yenye mlima katikati inaisha, unabaki na kipande cha buluu na nusu ya mnara kwenye sikio. Zenye nakshi za zulia pembezoni zinakaa. Yenye komamanga moja kubwa kwenye kona moja na nafasi tupu kwingine kote, hiyo ukifunga komamanga linakuja begani, nzuri mno, nikainunua bila kuuliza mara mbili.

Kuna pia skafu za hariri iliyogandishwa sufi juu, wanailaza sufi kwenye hariri wanaisugua na maji ya sabuni mpaka nyuzi zinapenya upande wa pili, inajikunja inakuwa na mawimbi. Wadada wa Ulaya wanazigombania.

Mama mmoja wa makamo, anayeuza kazi zake mwenyewe, aliniona navyokunja kunja akamwita bintiye anayejua Kiingereza aniulize nafanya nini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema njoo Jumatatu nyumbani ninapofanyia kazi.

Jumapili

Nikachukua gari na dereva kwenda kaskazini. Kwanza ziwa Sevan, liko juu mita kama 1,900 kutoka usawa wa bahari, upepo ulinifanya nifunge mitandio miwili. Tukala samaki wa kuchoma na lavash, mkate wao mwembamba unaookwa kwenye tanuri ya shimo, tukaendelea Dilijan, msitu mtupu, majani yameanza kugeuka njano. Mtaa wa Sharambeyan wa Dilijan una vibanda vya mafundi, ni mdogo unamaliza mara moja.

Nilichokifuata kiko kijiji cha Gosh. Monasteri ya Goshavank ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 12 na Mkhitar Gosh, mtu wa sheria na hadithi fupi fupi, na ukutani pale pana khachkar moja, jiwe la msalaba, iliyochongwa na fundi anaitwa Poghos mwaka 1291. Waarmenia wamechonga khachkar nyingi mno na kazi hiyo iko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2010, lakini hii ya Poghos watu wanakwenda kuiangalia peke yake. Kachonga jiwe kwa tabaka, kuna nakshi ya juu na chini yake kuna nyengine, kitundu hadi kitundu, vimraba vya pembeni kila kimoja kina nyota yake na hakuna kinachojirudia. Niliangalia vile vimraba tu. Nilipiga picha kila kimoja kwa karibu, dereva akaenda kunywa kahawa akarudi akanikuta bado nipo.

Wachoraji wa hariri wengi wanachukua hapa. Shida yangu ni kwamba wateja wangu karibu wote Waislamu, mtandio wenye msalaba katikati siwezi kuuza, na sitaki pia kuwa mtu wa kukata kata kitu cha ibada ya wengine nikachukua nilichopenda nikatupa kilichobaki. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hilo.

Jumatatu

Siku nzima kwa yule mama. Anakaa ghorofa za zamani za Kisovieti, uani kuna miforosadi mikubwa, nikamuuliza kama hariri yao inatoka hapo, akacheka. Majani yake ndo chakula cha viwavi wa hariri ni kweli, na Armenia ilikuwa na viwanda vya hariri enzi za Usovieti, lakini yeye kitambaa chake kinatoka Uchina kimefungwa kwenye roli, na forosadi za uani wanakula na nyengine watu wanatengenezea pombe.

Akanipa kahawa, gata, mkate wao mtamu, na matunda yaliyokaushwa, ndo tukaanza. Kila neno linapita kwa bintiye. Mimi ananiita aghjik jan, yaani binti mpenzi, na mie nikawa namwita mama.

Kwanza hariri inafuliwa kutoa dawa ya kiwandani, inapigwa pasi ikiwa na unyevu. Halafu inatandikwa kwenye fremu ya mbao, inashikwa pembeni na vipini vya meno matatu, anavuta upande huu anakwenda upande wa pili anavuta, mpaka ikikazika anaigonga kwa kidole inalia. Isipokazika rangi inakwenda kutuama katikati. Mchoro anauchora kwanza kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule, anauweka chini ya hariri, unaonekana kwa juu, hapo ndo anafuata mistari kwa ile dawa ya kuzuia, wenyewe wanaiita rezerv. Iko kwenye kichupa chenye mdomo wa chuma mwembamba. Mkono hausimami. Akianza ndege anamaliza ndege, maana akisita panabaki kitone, na mstari ukiacha uwazi hata wa unywele rangi inapita hapo inakwenda kuharibu jirani. Ukikauka anainua fremu dirishani anauchungulia mwanga, mstari kwa mstari, anatafuta pa kuvuja. Alipata pawili nilivyokuwa nipo, akaziba.

Rangi ndo raha. Hapaki, anagusa. Brashi iliyolowa anaigusisha katikati ya jani, rangi inakimbia yenyewe kwenye nyuzi mpaka inafika kwenye mstari inasimama. Akitaka kivuli anagusa maji upande mmoja na rangi nzito upande mwengine, zinakutana njiani. Kwa ile bluu ya nyuma hakusimama kabisa, alifanya mraba mzima kwa mbio, bintiye upande mmoja yeye upande wa pili, maana rangi ikikauka ukingoni halafu ukaongeza, panabaki doa la mstari halitoki. Kisha akachukua chumvi ya jikoni, ile ya mawe mawe, akainyunyiza kwenye bluu mbichi kwenye kona moja. Tukanywa kahawa nyengine. Tuliporudi kila punje imevuta maji kwake na kuacha vinyota vyeupe vyeupe, hakuna kona itakayofanana na nyengine hata akitaka.

Nikamuuliza je rangi ni za asili, kwa sababu sokoni wote wanasema za asili. Akasema hapana, ni rangi za dukani za hariri na sufi, zinashika vizuri na hazipauki, anayetaka za asili anaweza lakini bei itakuwa nyengine na kila mtandio utatoka na wekundu wake. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Ikishakauka inaviringishwa ndani ya karatasi safi, hariri isigusane na hariri, inawekwa kwenye pipa refu la bati lenye maji ya moto chini, inapigwa mvuke kama masaa matatu. Tone moja la maji likidondokea humo kazi ya siku mbili imekwisha, kwa hiyo juu anafunika taulo nene. Mvuke ndo unaifunga rangi kwenye uzi. Baada ya hapo inasuuzwa maji baridi na siki kidogo. Mwisho upindo, anaviringisha kwa kidole cha shahada na gumba anashona, pande nne, jioni nzima akiangalia televisheni.

Sasa yale mambo ya msalaba. Nilimwonyesha picha za Gosh nikamuuliza anaweza kunichorea khachkar bila msalaba. Akanitazama, akasema, bintiye akatafsiri taratibu, khachkar ukiitoa msalaba ni jiwe. Hakukasirika. Akavuta simu yangu akakuza picha moja, akaonyesha lile duara chini ya msalaba, gurudumu la miale inayozunguka, akasema hili tulikuwa tunalichonga na kulisuka kwenye mazulia, liko mlangoni mwa nyumba na kwenye vitanda vya watoto, hili chukua. Na vimraba vya pembeni chukua, hivyo ni kazi ya fundi akijifurahisha. Msalaba uache Gosh. Tukakubaliana hivyo, duara dogo kwenye kona moja, vimraba kwenye pindo lote, katikati tupu, rangi ya ngano iliyoiva.

Kwenye herufi za ndege ndo tukavutana. Mimi nilitaka herufi tatu nne nzuri za kupamba tu, akakataa katakata. Herufi haziwekwi ovyo, lazima ziseme kitu, mtu wa kwao akimwona mteja wako njiani atasoma. Basi tukachagua zitamke komamanga, na ndege akawachora kwa penseli pale pale, mmoja akampa kilemba. Tumecheka sana.

Jumanne

Upande wa tambarare ya Ararat, kilomita chache tu nje ya mji. Mlima wenyewe unauona mzima, mita 5,137, ila uko Uturuki na mpaka umefungwa, hawa wanauangalia tu kila siku asubuhi. Zvartnots ni magofu ya kanisa la karne ya 7, liliporomoka karne ya 10 likafukiwa, likafukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Vichwa vya nguzo vina tai wametanua mabawa, na kuna mawe yamechongwa mashada ya zabibu na komamanga mfululizo. Komamanga la kwenye kila skafu ya Vernissage babu yake yuko hapa, na la hapa limetulia zaidi.

Etchmiadzin nilipita haraka, kulikuwa na harusi nyingi.

Haya, vile vidudu. Kwenye tambarare hii kuna ardhi ya chumvi chumvi, inaota majani mafupi magumu na matete, na chini kwenye mizizi anaishi kidudu mwekundu anayeitwa vordan karmir. Jike hana mabawa, karibu maisha yake yote yako ardhini, anatoka juu mwezi wa tisa na wa kumi tu kutafuta dume, asubuhi mapema, jua likipanda karudi. Hapo ndo walikuwa wanaokotwa, wanakaushwa, wanasagwa, unapata wekundu unaoshika kwenye sufi na hariri na kwenye ngozi ya vitabu. Ghazar Parpetsi aliwataja karne ya 5. Ule wekundu wa Matenadaran ambao miaka 800 haujafifia ndo huo. Wakati wa Usovieti ardhi nyingi ya chumvi ilikaushwa ikalimwa, mdudu akabaki kwenye vipande, mwaka 1987 wakatenga hifadhi kwa ajili yake. Kwa hiyo mtu akikuuzia skafu ya dram 15,000 akakuapia imetiwa vordan karmir, mwangalie tu usoni. Mdudu mwenyewe ana sentimita moja hivi na analindwa.

Msimu wake ndo huu, nilimwambia dereva tusimame tuangalie majani ya kando ya njia. Hakuna tulichoona zaidi ya mbuzi na saa nne tayari ilikuwa imeshapita.

Jumatano

Nimerudi kwa mama kuchukua mzigo. Uliokuwa kwenye fremu Jumatatu umeshatoka kwenye mvuke, bluu imekuwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi, vinyota vya chumvi vimekaa. Ile ya rangi ya ngano yenye pindo la Gosh anaichora taratibu atanitumia kabla ya mwisho wa mwaka, urefu sentimita 180 kwa 70, momme 8, kipimo cha kufunga, siyo cha shingoni. Nimeacha nusu ya pesa. Bintiye alitaka kunipunguzia nikamwambia hapana, ila namimi sipunguzi kwa wateja kwa hiyo mjiandae.

Wanaouliza bei, mtandio mmoja wa kuchorwa unamchukua mama karibu siku mbili za kazi ukiacha mvuke na upindo, na pindo langu la vimraba limeongeza siku nyengine. Hesabu mwenyewe. Zile nilizonunua Vernissage ni bei nafuu kidogo na nimezipima zote, uzito ntauandika kwenye kila moja.

Kufua, maji baridi, shampuu ya nywele kidogo, usiroweke, usikamue kwa kupinda, tandaza kwenye taulo uviringishe na taulo lake. Siki kijiko kimoja kwenye maji ya mwisho. Pasi ikiwa bado na unyevu, kwa nyuma, na upindo wa mkono usiukanyage na pasi ukalala bapa, utakuwa umelipia bure. Pafyumu na udi mjifukize kabla hamjafunga, mafuta ya udi yakidondokea hariri hayatoki.

Mzigo nimeuviringisha kwenye maroli ya karatasi nikautia kwenye mabegi. Zile za sufi sijachukua hata moja, Dar nani atavaa sufi.